Kichwa cha Chaki

Ku makaburi kuko musalaba mumoja wenye foto yangu, na miye niko hapa, natoka kula sombe, sijakufa. Mucheke tu. Hata miye nilianza na kucheka. Chini ya ile foto wameandika jina la mudogo wangu, siku alizaliwa, siku alikufa, yote yake. Sura tu njo yangu. Watu wakipita wanaangalia musalaba, halafu wanaangalia miye nimepiga magoti pale nang'oa majani, halafu wanaongeza mwendo. Mama mumoja alikimbia kabisa, kiatu kimoja kikabaki kwa njia. Nilimuita, "Mama, rudi uchukue kiatu, miye ni muzima!" Akapiga mbio zaidi.

Napenda kuhadisia, siwezi kukataa. Hapa kwetu Mabanga wanasema miye ni redio yenye haimalizi mapile, batri zake haziishi. Mujukuu wangu anaandika, miye nasema, juu miye shule niliacha mwaka wa tatu. Lakini hii moja, hata nikiisema na kicheko, ikifika ku koo inabadilika nyongo.

Kwetu ni Rutshuru. Hapa Goma tulibaki watatu: kaka yetu mukubwa, miye, na mudogo wangu, musichana, mutoto wa mwisho. Kaka ni shemasi ku kanisa. Miye ni fundi wa kushona. Mudogo wangu yeye alikuwa na sauti. Alikuwa anaimba mu korali, na watu walikuwa wanafika mapema juu ya kumusikia. Halafu siku moja akaacha korali, akaenda ku teatre.

Ile teatre haikuwa kitu kikubwa, ni kundi tu la watu kumi hivi, wanacheza mu viwanja vya shule, mu masalle ya mikutano, pale wanawaita. Lakini mudogo wangu aliwapita wote. Alikuwa anajipaka unga wa muhogo ku nywele, makala ya jiko ku kidevu sawa ndevu, anavaa koti ya mwanaume, anakuwa muzee mwenye nyumba yake volkano iliifunika. Muzee anarudi jioni, amelewa kidogo, anatafuta mulango. Anagonga ku jiwe: "Mama watoto, fungua, ni miye!" Jiwe linanyamaza. Anasema, "Eh, leo umekasirika kabisa." Anaenda ku jiwe lingine. "Hodi jirani, mke wangu yuko kwako?" Watu walicheka mpaka wengine walitoka inje kushika tumbo. Na watu wa hapa, mawe yale wanayajua, wengine nyumba zao ziko kweli chini.

Ku mwisho wa mchezo alikuwa anapanguza unga na makala mbele ya watu, anavua koti, anabaki na nguo yake ya mwanamuke, anaimba wimbo mumoja. Pale hakuna mwenye alicheka tena. Hakuna hata mwenye aliinua telefone kupiga foto. Kumbukeni hilo.

Kaka aliposikia, aliniita. Alikuwa anatembea mu nyumba, mikono nyuma.

"Ndevu! Musichana wa baba yetu amevaa ndevu mbele ya watu!"

Nikamuambia, "Kaka, ni makala tu. Anaosha."

"Anaosha nini? Sasa ni hivi: huyu si mutoto wa hii nyumba tena. Leta albamu. Leta na makasi yako."

Niliuliza, "Makasi ya nini?" Lakini nilishajua.

Wakati ule nilikuwa mujane wa juzi, na watoto wane, na nilikuwa naishi mu parsele ya kaka, ku kiwanja chake. Yeye njo alinipokea. Nasema hivyo si juu munihurumie, ni juu mujue nilikuwa nafikiri nini. Nilileta albamu. Nilileta makasi. Kaka alikuwa anafungua ukurasa, anaweka kidole, miye nakata.

Na nilikata vizuri, njo ubaya wenyewe. Mutu mwingine angepasua foto yote na hasira, yaishe. Miye nilizunguka kichwa polepole sawa vile nazunguka kola ya nguo. Foto ya ndoa yangu, mudogo wangu ameshika shela nyuma: nikakata. Foto ya ubatizo: nikakata. Tukafika ku foto moja ya mama yetu, amemubeba mugongoni, mutoto hata meno hana. Nikasimama.

"Kaka, na hii? Hapa bado hajaimba."

"Kata."

Nikakata. Mama yetu mpaka leo ana shimo mugongoni.

Vichwa vilikuwa vidogo, vingine sawa kifungo cha shati. Nilivikusanya mu mukono, nikavitia mu mbabula, ku moto wa makala, nikaweka sufuria ya maharagi juu. Jioni tulikula ile maharagi. Ilikuwa imeiva muzuri.

Wajukuu wananiuliza, "Koko, haukuficha hata kimoja? Kingeingia mu kitenge." Kingeingia. Kingeingia hata chini ya ulimi. Sikuficha. Sikufikiri hata kuficha.

Mudogo wangu alijua, Goma hakuna siri. Mvua zilipita, jua likapita, mvua zikarudi, hatukusalimiana. Tulikuwa tunakutana ku soko, yeye anapita upande wa nyanya, miye upande wa samaki. Halafu asubuhi moja nilikuwa kwa mashine yangu, nikaona kivuli ku mulango. Alikuwa ameshika kitambaa cha njano.

"Yaya," akasema, njo vile aliniita miye mukubwa wake, "weye unajua kukata. Nikatie nguo."

Hakukaa. Nilimupima amesimama. Alikuwa amekonda. Niliuliza, "Ya kanisa?" Akasema, "Ya kuimbia, kisha muzee anavua koti." Sawa. Nilimushonea nguo sijawahi kushona vile. Mabega wazi, juu alitaka hivyo, na mbele vifungo kumi na mbili, kila kifungo nimekifunika na kitambaa chenyewe, uzi mara mbili. Nilijiambia: hii njo pole yangu, ataivaa.

Siku ya mazoezi nilimupelekea nguo mwenyewe, mu salle moja ya Himbi, karibu na ziwa. Kaka nilimuambia napeleka nguo ya mutu. Si uongo.

Mu ile salle umeme ulikuwa umekatika, sawa kawaida. Walikuwa wameweka malampe ya batri chini, mbele ya podium, kwa hiyo mwangaza ulikuwa unapanda kutoka miguu. Na mbele kabisa, ku benchi, kulikuwa muzee mumoja mwembamba, mwalimu wa kuchora ku shule. Alikuwa na boksi ya machaki ya rangi, vipande vipande, vingine vifupi sawa jino. Yeye aliita ile chaki pastele. Vidole vyake vilikuwa na rangi zote, na ku paji la uso alikuwa na bluu pale anajikuna.

Mudogo wangu alivaa nguo ya njano, akapanda, akaanza kuimba. Na yule muzee akaanza kuchora, mbio mbio, sawa mutu mwenye basi inamuacha. Hakuchora mustari hata mumoja wa kuzunguka. Alikuwa anagonga-gonga chaki, anapaka, anasugua na kidole gumba, anagonga tena. Miye nilisimama nyuma yake. Na munanijua, mudomo wangu hautulie.

"Papa," nikasema, "unamupaka kijani ku kidevu. Mudogo wangu si mugonjwa."

Hakugeuka. "Mama, angalia yeye. Usiangalie miye."

Nikaangalia. Kweli, pale chini walikuwa wametandika bashi ya kijani, turubai ile ya plastiki, na mwangaza ulikuwa unaruka ku ile bashi unamupanda ku kidevu. Kijani ilikuwa pale.

"Lakini miye namujua, papa. Tangu kuzaliwa hana kijani."

"Weye unamujua. Miye namuona."

Nikainama juu ya bega lake kidogo. Kidogo tu.

"Na vifungo? Nilitia vifungo kumi na mbili, sioni hata kimoja."

"Vimeenda na mwangaza, mama."

"Vimeenda wapi? Nilivishona uzi mara mbili!"

Salle yote ikacheka. Mudogo wangu alikatisha wimbo, akashika mbavu pale juu ya podium. "Yaya! Utanifukuzisha kazi! Toka hapo kwa papa!" Ilikuwa mara ya kwanza kumusikia anacheka nami tangu siku ya makasi. Na yule muzee aligeuka, naye anacheka, meno mbili tu mbele, akasema, "Mama fundi, hii kitu haionekani na pua. Enda mbali. Enda mpaka ku mulango."

Nilienda mpaka ku mulango, nikageuka. Mungu wangu. Ilikuwa yeye. Pale karibu ilikuwa uchafu wa chaki, sawa ukuta wa shule yenye watoto wamechezea. Pale ku mulango alikuwa mudogo wangu, kichwa kimeenda kidogo nyuma, mudomo wazi, mushipa wa shingo umesimama, na ile njano ya nguo inapumua. Walikuwa wawili sasa, mumoja juu ya podium, mumoja ku karatasi, na wote wawili walikuwa wanaimba. 

Yule muzee alimupa ile picha. Alimutilia mu kadre yenye kioo, juu, akasema, ile chaki haina kitu cha kuishika, hata kidole kinaibeba. Na mudogo wangu akaileta kwangu. Aliiweka ku meza yangu ya kukatia, juu ya vitambaa.

"Chukua, yaya. Ulikata vichwa vyangu vyote. Hiki nakuletea kingine. Hiki hautaweza kukikata, hakina mupaka."

Alisema hivyo anatabasamu. Nikamupa chai. Na ile picha nikaifunga mu kitenge, nikaiweka nyuma ya kabati. Nyuma ya kabati! Kaka alikuwa anaingia kwangu wakati wowote, angeiona. Nilipohama parsele yake, watoto wamekomaa, nikakodi chumba changu hapa Mabanga, nilihama nayo mu kitenge vile vile, nikaiweka tena nyuma ya kabati. Pale hakukuwa kaka wa kuingia. Mazoea tu.

Mudogo wangu alikufa kwa ghafula. Homa, siku nane. Hakuwa na bwana wala mutoto. Kaka akasimamia kilio. Alisema, "Tutamuzika vizuri, ku kanisa, sawa mutoto wa baba." Nilishukuru. Nilishika mikono yake nikashukuru.

Lakini kwetu hapa kilio bila foto hakiendi. Foto njo inakaa ku meza pa kuingia, na maua ya plastiki, watu wanaisalimia mbele ya kusalimia wafiwa. Foto njo inatembea mbele ya sanduku. Halafu wanaipigilia ku musalaba, wamefunika na plastiki, juu ya mvua. Bila foto watu watauliza: huyu muzikwa alifanya nini hata watu wake wanamuficha?

Tukaanza kutafuta. Telefone yake iko na kode, hakuna mwenye anaijua, na tulijaribu mpaka ikajifunga. Kadi yake ya kura, ile foto ilishakuwa nyeusi sawa chini ya sufuria. Tukauliza watu wa teatre, wakatuma mafoto mingi, mingi kabisa, na yote ni muzee mwenye ndevu. Juu watu walikuwa wanapiga foto wakati wa kucheka. Kaka aliangalia telefone, akasema, "Siwezi kuzika muzee."

Njo alileta albamu. Mwenyewe. Alifungua ukurasa kwa ukurasa, mashimo, mashimo. Alifika ku ile ya mama. Akaangalia shimo, halafu akaangalia miye.

"Haukubakisha hata moja?"

"Kaka, ulisema zote."

"Nilisema. Lakini weye ni mwanamuke."

 Mpaka leo natafuta jibu. Nikiwa naosha sahani nalipata, lakini pale yeye hayuko.

Nilikimbia nyumbani, nikatoa ile picha nyuma ya kabati, nikairudisha kwake na kitenge chake. Nilisema, "Kaka, huyu hapa. Sura yake yenyewe, hakuna ndevu." Akaishika karibu na pua.

"Hii ni nini? Macho iko wapi?"

"Simama mbali, kaka."

"Mabega wazi. Kidevu kijani. Hii ni shetani."

"Ni bashi, kaka! Mwangaza wa bashi! Enda tu mpaka pale ku dirisha."

Hakurudi nyuma hata hatua moja. Saluni yake ya kupokea wageni ilikuwa kubwa, hatua kumi za kurudi nyuma. Akasema, "Peleka kwa fotografe. Aitengeneze iwe mutu."

Fotografe wa pale karibu ni mutu muzuri, ana studio na kompyuta, anafanya montaje za vilio, harusi, yote. Alifungua kitenge, akakuna kichwa.

"Mama, hapa hakuna pua."

"Pua iko. Simama mbali."

"Miye nitasimama mbali. Kompyuta haisimame mbali."

Alijaribu. Kweli alijaribu. Alipoikuza ikawa mawingu ya njano na kijani. Akasema pole. Halafu akaniangalia, akainamisha kichwa upande huu, upande huu.

"Mama, mulilala tumbo moja?"

"Ndiyo."

"Kaa hapo ku kiti."

Sikuelewa mpaka alipowasha lampe yake. Alisema, "Basi munafanana. Nitakutoa miaka, hakuna mutu atajua. Tunafanya hivi, mama, si weye wa kwanza." Nikapigia kaka telefone. Kaka akasema, "Aksanti kwa Mungu."

Nikakaa. Akapiga. Akatoa mikunjo yote, akanipaka midomo, akanivalisha koti nyeupe yenye sina, akatia nyuma mawingu, maporomoko ya maji, na njiwa wawili. Halafu akageuza kompyuta nione. Niseme kweli, juu hii hadisi bila ukweli haina faida: nilikuwa muzuri. Sijawahi kuwa muzuri vile hata siku ya ndoa. Nilifurahi. Dakika moja, mudogo wangu yuko mu chumba cha maiti, nilifurahi juu ya sura yangu.

Nilirudi ku pikipiki ya motari, foto ku mukono huu, picha ya chaki ku mukono huu.

Siku ya kilio, mu parsele ya kaka, foto ilikuwa ku meza na maua, miye nimekaa chini ya bashi, hatua tano nyuma yake. Fikirini. Watu wanaingia, wanasalimia foto, wanainua macho, wananikuta. Mama mumoja mwenye ninamushonea alifika, akaona foto, akajitupa chini: "Uuuwi, fundi wangu! Na kitambaa changu kiko kwake!" Nikamuambia, "Mama, amuka, si miye, kitambaa chako kiko." Aliponiona alipiga kelele zaidi.

Halafu watu wa teatre wakafika, na ngoma zao, wote, wamevaa vizuri. Mbele yao mama mumoja munene mwenye sauti nzito, njo mukubwa wao. Wakasimama mbele ya meza. Wakaangalia foto. Wakaangaliana. Yule mama akauliza kwa heshima kabisa:

"Papa, pole sana. Huyu ni nani?"

Kaka akasema, "Ni mwenzenu."

"Hapana, papa. Huyu hatumujui. Mutusamehe, tumekosea kilio."

Na wakatoka! Wakainama, wakasema pole tena, wakatoka mu parsele na ngoma zao, wakaenda ku barabara kuuliza watu kilio kingine kiko wapi. Siku ile ku ile avenii kulikuwa vilio viwili, na miye waliniona mara moja tu, zamani, mu giza la salle, njo waliamini kabisa.

Miye nilikuwa na ile picha chini ya kiti changu, mu kitenge. Nilikuwa nimeibeba bila kujua naibeba juu ya nini. Nikaitoa, nikakimbia ku mulango wa parsele. Wao walishafika mbali, karibu na kona pale wanauza makala. Sauti yangu isingewafikia. Nikainua tu ile kadre juu ya kichwa, na mikono miwili.

Mupiga ngoma aligeuka. Nilimuona anasimama. Na kutoka kule mbali, kutoka ku kona, akapiga kelele:

"Ni yeye! Ni yeye huyu! Jamani, ni yeye!"

Wakarudi mbio, wanalia, yule mama munene amevua viatu. Na wakaanza wimbo wake pale pale ku barabara, na miye nimesimama mikono juu, siwezi kuishusha. Machozi yalikuwa yanaingia mu masikio. Nilijiambia: sasa atazikwa na sura yake.

Tukatoka kwenda ku kanisa. Mbele sanduku, na mbele ya sanduku binti wa kaka na foto yenye njiwa. Nyuma, miye na watu wa teatre na picha ya chaki. Vifo viwili, mutu angesema. Tukafika ku mulango wa kanisa. Sanduku likaingia. Kaka akabaki ku ngazi, akaweka mukono mbele yangu.

"Ile haiingie."

"Kaka..."

"Mabega wazi mu nyumba ya Mungu, hapana. Weye ingia, kiti chako kiko mbele. Ama ubaki inje na watu wa ndevu. Chagua."

Alisema chagua, na watu walikuwa wanaangalia, wakristo wa kanisa letu wote, na pastori amesimama na Biblia. Yule mama munene akanyoosha mikono, polepole. "Tupatie sisi, mama yaya. Tutakaa nayo hapa."

Siku ya makasi nilikuwa na watoto wane na parsele haikuwa yangu. Ile siku ya kanisa watoto walikuwa wakubwa, nilikuwa na chumba changu, mashine yangu, ufunguo wangu mu shingo. Sikuwa na sababu hata moja.

Nikawapa picha. Nikaingia.

Nilikaa ku kiti cha mbele, uso kwa uso na miye mwenyewe na koti nyeupe. Pastori alisema mingi juu ya korali, juu ya sauti nzuri ya mudogo wangu ya zamani, na juu ya teatre hakusema kitu, sawa kwamba marehemu alilala miaka yote ile. Na kupitia dirisha nilikuwa nawasikia inje, wanaimba chini chini, ule wimbo wake, juu wasiharibu ibada. Niliujua. Niliusikia ile siku ya mazoezi, na nilikuwa nauimba kila siku kwa mashine. Midomo yangu ilikuwa yangu. Sikuimba.

Ku makaburi walipigilia foto ku musalaba. Watu wa teatre walisimama mbali. Yote ilipokwisha, yule mama akanirudishia picha, kioo amekipanguza muzuri, akaniuliza na sauti yake ile nzito, bila hasira:

"Kiti kilikuwa kizuri, mama yaya?"

Nikasema, "Kilikuwa kizuri."

Njo hivyo sura yangu ilibaki pale. Siku moja nilienda na makasi, nikate, nitoe. Nilisimama na makasi wazi mbele ya ile plastiki. Halafu nikaona: nikizunguka kile kichwa, juu ya jina lake kutabaki tena shimo, na tena ni mukono wangu. Nikarudisha makasi mu kitenge, nikang'oa majani, nikarudi.

Picha ya chaki sasa iko ku ukuta, si nyuma ya kabati. Lakini chumba changu ni hatua tatu. Ndani haionekani, ni chaki tu. Kwa hiyo saa kumi, jua likiingia mu mulango, nafungua wazi kabisa, natoka, navuka kiwanja, naenda kusimama mugongo ku ukuta wa mawe wa jirani. Pale njo kipimo. Jirani mwanzoni alikuwa ananicheka: "Koko, unachungulia mu nyumba yako mwenyewe sawa mwizi?" Nikamuambia kuja. Akasimama kando yangu na mwiko mukononi. Aliangalia, halafu akasema, "Anaimba nini?"

Nikamuimbia. Pale ku ukuta, na sauti yangu ya redio mbovu, wimbo wote.

Kaka naye anakuja, si mara mingi. Anakaa ku kiti kando ya mulango, anageuzia ile picha mugongo, anakunywa chai yake. Kila mara namuambia, "Kaka, kuja kidogo inje, hatua kumi tu, uone mudogo wetu." Anasema muguu unamuuma. Anamaliza chai, anaenda. Miye natoa kitambaa nipanguse vumbi ku kioo, na nikikaribia tu, anakuwa tena chaki.